Shuka la Kitanda cha Mtoto: Maneno Yaliyosemwa kwa Niaba ya Kamati Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika hesabu aliyoisoma Bwana Mweka Hazina asubuhi hii umo mstari mmoja uliozusha minong'ono, nao ni ule wa vitambaa, lastiki na uzi. Wakati wa chai wazee wawili walituuliza tangu lini chama cha kuzikana na kusaidiana kimegeuka kibanda cha fundi cherehani. Swali lao ni la haki, maana fedha ni za wanachama, nasi tumeona ni heri kulijibu hapa hadharani kuliko kuliacha likazungumzwe njiani.

Wazee wetu walilelewa mgongoni na kulazwa ubavuni mwa mama, na wengi wetu kadhalika. Kitanda cha mtoto chenye fito za mbao kimeingia nyumbani mwetu kwa ajili ya maisha ya mjini: chumba ni kimoja, kitanda cha wazazi ni chembamba, na mama hurudi kazini mtoto angali mchanga. Maseremala wa kando ya barabara huvitengeneza vizuri, walakini kila mmoja kwa kipimo chake. Basi mama akinunua shuka dukani, ama ni dogo halifiki, ama ni kubwa, akalikunja mara nne na kulichomeka chini ya godoro. Mtoto akisha kujua kujisukuma kwa visigino, kabla ya alfajiri shuka lote limechomoka, naye amelala ndani yake kama mzigo.

Kwa sababu hiyo kamati iliazimu kushona mashuka kumi na mawili yenye lastiki, yavikwe godoro kama kofia ivikwavyo kichwa, yakatolewe zawadi kwa akina mama waliojifungua. Cherehani tuliazimwa. Kitambaa tulinunua cha pamba, kizito kidogo, ndugu wa kile ambacho wazee bado hukiita merikani kwa kuwa katika karne ya 19 kililetwa Unguja na merikebu za Marekani. Tulikata, tukashona, tukapiga pasi, tukagawa kwa furaha.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa letu twaliungama mbele yenu. Kitambaa kile hatukukiosha kwanza. Pamba mpya hutoka kiwandani na wanga, nyuzi zake zimevutwa. Ikiingia majini hurudi. Mashuka yetu yalipofuliwa mara ya pili yakawa mafupi. Akina mama, kwa kuheshimu zawadi ya chama, waliyavuta kwa nguvu mpaka pembe zikaingia. Usiku mmoja, katika nyumba ya mwenzetu mmoja, pembe ya upande wa kichwani iliruka, na kitambaa kilichokuwa kimevutwa kikajikusanya juu ya uso wa mtoto wa miezi mitatu. Bibi yake, ambaye hakukipenda kitanda kile tangu siku ya kwanza, alisikia pumzi si za kawaida. Akawasha taa, akamwondolea mtoto kile kitambaa. Mtoto yu hai, na leo anatambaa. Lakini sisi tulipoletewa habari hizo asubuhi hatukuweza kutazamana. Tulipita nyumba kwa nyumba tukayakusanya yote kumi na mawili. Mama mmoja alikataa kabisa kulitoa lake, akidhani chama kimejuta kumpa, na ilitubidi kuketi naye jioni nzima.

Kwa hiyo fedha mnazoziona katika hesabu ni za mara ya pili, nasi twataka mjue kazi ilivyofanywa.

Kitambaa sasa hulala majini usiku kucha, kikaanikwa, kikapigwa pasi kabla mkasi haujakigusa. Kisha hatupimi kitanda, twapima godoro lenyewe: urefu, upana na unene. Chukueni godoro la sentimita 120 kwa 60, lenye unene wa sentimita 10. Kila upande kitambaa hushuka sentimita 10 za unene, tena huongezwa 10 nyingine za kuingia chini na za upindo. Basi urefu ni 160 na upana ni 100. Katika kila pembe hukatwa mraba wa sentimita 19, wala si 20, kwa kuwa ile moja iliyobaki huliwa na mshono. Kingo mbili za mraba huunganishwa, pembe ikasimama kama pembe ya sanduku. Mshono wa pembe twaupitisha mara mbili, na ncha za nyuzi twazikata fupi sana, maana uzi mrefu waweza kujizungusha katika kidole cha mtoto na kukaza mpaka damu isipite.

Upindo hukunjwa upana wa kutosha kupitisha lastiki. Sisi twaweka lastiki kwenye ncha mbili, ya kichwani na ya miguuni. Kila kipande ni cha sentimita 60, nacho huvutwa kikafunika sentimita 100, yaani upana wote wa godoro pamoja na sentimita 20 kila upande kupita pembe. Miisho yake hushonwa kwa kwenda na kurudi mara nyingi. Kabla ya kulitoa shuka tunaliosha tena, tunalivika, na mmoja wetu hushika pembe moja akainyanyua kwa nguvu. Godoro likiinuka nayo, shuka ni jema. Pembe ikifunguka, linarudi kwenye cherehani. Na lastiki ikichoka baada ya mafuo mengi, shuka hilo lisivikwe tena kitandani. Libadilishwe lastiki au liwe kitambaa cha kufutia.

Wengine waliuliza kwa nini tusitumie kanga, ambazo kila nyumba inazo. Kanga ina urefu wa kadiri ya sentimita 150. Kwa godoro tulilotaja upana wake watosha, ila urefu wapungua sentimita 10, na hizo ndizo zinazoshika chini. Kwa godoro dogo yafaa sana, mradi iwe imekwisha fuliwa. (Mama mmoja alitaka jina la kanga lisomeke katikati. Tulimwambia mtoto hajui kusoma, na wageni watalikalia godoro wakilisoma.)

Sasa neno lililo gumu zaidi. Baadhi ya wazee wametushauri tuongeze mto mdogo, na nguo nene za kuzungushia fito ili mtoto asigonge kichwa. Ushauri huo unatokana na mapenzi, nasi tumeupokea kwa heshima. Lakini hatukuutekeleza, na twaomba tusihesabiwe kuwa wakaidi. Huko Uingereza mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, zilianzishwa kampeni za kuwafundisha wazazi kuwalaza watoto wachanga chali, na vifo vya ghafula vya watoto usingizini vikapungua zaidi ya nusu. Waganga wanashauri godoro gumu lililo sawa, shuka lililokazwa, wala pasiwe na mto, blanketi legevu au mwanasesere katika mwaka wa kwanza. Zile nguo za kuzungushia fito, sheria ya mwaka 2022 huko Marekani ilikataza kuzitengeneza na kuziuza, kwa kuwa watoto walikosa pumzi wakiwa wamebanwa nazo. Sisi tumekwisha kuona kwa macho yetu yale ambayo kitambaa chepesi kimoja kiliweza kufanya.

Bibi mmoja alituuliza, je, mtoto afe kwa baridi ya Julai? Hasha. Avikwe fulana, sweta na soksi, nguo zinazomkaa mwilini wala haziwezi kupanda usoni. Kofia ivuliwe alalapo. Bibi huyo hakuridhika, nasi hatudai kwamba aliridhika.

Na seremala naye aambiwe: baina ya godoro na fito pasipite vidole viwili. Shuka jema haliwezi kuponya godoro dogo.

Mashuka tisa yamekwisha kurudishwa kwa wenyewe. Matatu yangali kwetu kwa kuwa magodoro yake ni ya vipimo visivyo vya kawaida na kitambaa kimetuishia. Twaomba mkutano huu uidhinishe fedha za mita kumi nyingine. Mwenye kutazamia mtoto na apime godoro lake, aandike urefu, upana na unene, ampe karani karatasi hiyo. Tepu ya kupimia iko juu ya meza karibu na mlango, nayo ni ya kuazimwa, irudishwe kabla ya Jumapili.