Usiifute Kabla Hujaitazama

Msikilizaji, ufukweni Luzira, karibu na bandari ya Port Bell, yangeyange na mwewe hupita juu ya ziwa. Ukimpiga picha ndege arukaye ikaharibika, usiifute upesi. Itazame.

Picha yote ina ukungu? Mkono ulitikisika. Ndege peke yake ana ukungu? Kamera ilichelewa, ongeza kasi hadi 1/1000 ya sekunde, mwanga ukiwa mwingi. Ndege ametoka mweusi? Jua lilikuwa nyuma yake. Wewe lipe mgongo. Bawa limekatika? Mwachie nafasi mbele.

Kosa moja tu halifai kujaribiwa. Luzira kuna gereza kubwa. Usielekeze kamera huko. Hata kambini, uliza kwanza panaporuhusiwa. Picha mbaya hukufundisha. Simu ikichukuliwa, utajifunzia nini?