Mwendo wa Gari na Umbo la Njia: Hotuba kwa Wanachama, Kyela



Tumeombwa kusema machache juu ya mwendo wa magari katika njia za shamba, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Kila itokeapo ajali, neno jepesi kuandikwa katika taarifa ni "mwendo wa kasi", na la pili "uzembe wa dereva". Hatukuja kumtetea mzembe. Twauliza tu: mtu yule yule aliyeendesha kwa adabu huko mlimani, ni nini kimfanyacho akimbie hapa tambarare?

Tazameni njia itokayo Uyole. Hupita baridi ya Isongole, ikafika Tukuyu, na kutoka hapo hushuka mita 1,000 hivi hata kufika mashamba yetu ya mpunga. Huko juu kona hufuatana, na dereva akimaliza moja huitazamia ya pili, kwa hiyo mguu wake hauondoki karibu na breki. (Mlima nao una mauti yake: lori lililoshehena likishushwa kwa breki tupu, pasipo gia nzito, breki hupata moto zikaacha kushika.) Lakini akiisha kufika chini, njia hunyoka. Baada ya dakika chache jicho huizoea kasi, hata kilomita 60 kwa saa humwonekea kama mwendo wa baiskeli. Ndipo hutokea kona moja ya pekee, au daraja, au watu wa Ipinda na magunia yao ya mpunga na kakao. Kwa maoni yetu kona hiyo moja yatisha kuliko kumi za mlimani.

Hesabu yake si ngumu. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu inayolisukuma gari nje ya kona huwa mara nne. Na kusimama je? Mpeni dereva sekunde mbili na nusu za kutambua hatari, kisha ashike breki kwa kiasi: akienda kilomita 40 kwa saa, atasimama baada ya mita 46 hivi, akienda 80, atahitaji mita 128. Majani marefu au migomba ikiziba upande wa ndani wa kona, hizo mita 128 hazionekani kabisa.

Wahandisi, akiwamo Lamm wa Ujerumani, waliweka kipimo chema. Yachukuliwe madereva 100, utafutwe mwendo usiopitwa na 85 kati yao, katika njia iliyonyoka na tena katika kona inayofuata. Tofauti isipozidi kilomita 10 kwa saa, njia ni njema. Ikizidi 20, njia yenyewe ina kasoro. Maana yake, mhandisi naye huulizwa, si dereva peke yake.

Jambo hili latuhusu sana tangu lami ilipoanza kuelekea Matema, njia ya Kikusya na Ipinda, kilomita 39 hivi. Twaifurahia lami, wala hapana anayetaka kurudia tope. Lakini popote lami imwagwapo juu ya mapito ya zamani, mashimo yaliyozuia kasi huondoka na kona hubaki. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 yaagiza kilomita 50 kwa saa penye makazi. Ila njia pana iliyonyoka humshawishi dereva kuliko kibao. Yafaa basi ukingo wa nje wa kona uinuliwe, majani yafyekwe, alama ziwekwe mapema kabla ya kona, na waenda kwa miguu wapate pembeni pao.

Sisi makarani tuna sehemu yetu. Taarifa isemayo "karibu na Ipinda" haimfai mhandisi. Tuandike ni kilomita ya ngapi, kona yapinda kushoto au kulia, njia ilikuwa imenyoka kwa urefu gani kabla yake, lami ilikuwa mbichi kwa mvua au kavu, majani yalifika wapi. Penseli na kamba ya kupimia vyatosha. Nakala moja iende kwa polisi wa usalama barabarani. Ya pili, kama ni njia kuu au ya mkoa, iende TANROADS, na kama ni ya wilaya, TARURA.