Picha ya Watu-Buibui: Watazamaji wa Nyaramba Walisema Nini

(Maneno ya hotuba iliyotolewa na mfanyakazi wa ustawi wa jamii mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Nyaramba, Kaunti ya Nyamira)

Nimeambiwa nina nusu saa, na baada yangu kuna habari ya mbegu za viazi. Kwa hiyo sitazunguka.

Nimekuja na jambo ambalo wengine mtaliona dogo. Ni habari ya picha ya vibonzo. Mnajua kwamba kikundi kimoja cha akina mama hapa kwetu kilinunua runinga kwa faida ya mikopo yao, na wakati wa likizo watoto na watu wazima hukusanyika kutazama. Likizo iliyopita walitazama picha ya Marekani iitwayo Spider-Man: Into the Spider-Verse. Siku chache baadaye mvulana wa gredi ya tano alipanda juu ya paa la jikoni, akajifunga leso ya mamake mabegani, akaruka. Mkono ulivunjika. Sasa kuna wanakikundi wanaotaka runinga iuzwe, na kuna wanaokataa, na maneno yamekuwa makali mpaka wawili hawasalimiani. Mimi niliombwa nizunguke niulize waliotazama walionaje. Nilichosikia ndicho nitakachowaeleza.

Kwa wale ambao hawakuiona, picha yenyewe ilitoka mwaka 2018, na mwaka 2019 ikapata tuzo ya Oscar ya picha bora ya vibonzo. Mmoja wa waongozaji wake watatu, Peter Ramsey, ndiye mwongozaji mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Kijana mwenyewe anaitwa Miles Morales, mweusi, mamake ana asili ya Puerto Rico, wanakaa Brooklyn mjini New York. Anaumwa na buibui, anaanza kunata ukutani. Kuna tajiri mbaya, Kingpin, mtu mwenye mwili kama kabati, aliyejenga mtambo wa kufungua njia za kwenda dunia nyingine. Kupitia mtambo huo wanaingia watu-buibui wengine watano: mwanamume mmoja aliyechoka na kuota tumbo, msichana anayeitwa Gwen, msichana mwingine mwenye roboti, mmoja anayeona nyeusi na nyeupe tu, na nguruwe. Ndiyo, nguruwe. Wakijumlishwa na Miles wanakuwa sita, na lazima waungane wauzime mtambo, la sivyo watakufa na mji utabomoka.

Lugha yake ni Kiingereza cha Marekani, cha haraka. Basi kijana mmoja wa kidato cha nne akasimama kando ya runinga akawa anatafsiri, kama DJ Afro ambaye wengi wenu mmeisikia sauti yake kwenye picha za kigeni. Alifanya kazi nzuri, lakini aliongeza chumvi. Ule mtambo aliuita mtambo wa kiwanda cha chai, na mzee mmoja mpaka leo anataka kujua ni wa Sanganyi ama Kebirigo. Kwa hiyo mtu akisema picha ilisema hivi, kwanza uliza ni picha ama ni mtafsiri.

Nianze na walimu, kwa sababu wao walicheka kuliko wote. Miles amepelekwa shule ya bweni, mbali na marafiki zake, na hataki kukaa. Anapewa mtihani wa kweli au si kweli, anapata sufuri. Anadhani atafukuzwa. Mwalimu anamwambia kwamba mtu asiyejua lolote akibahatisha angepata karibu nusu. Ili ukose yote lazima uwe unayajua majibu yote. Anaigeuza sufuri kuwa mia. Mwalimu mmoja wa hapa aliniambia, “Mimi nina watoto watatu wa namna hiyo darasani, na huwa nawaita wavivu.” Hayo ni maneno yake, mimi nimeyabeba tu.

Akina baba walizungumza kidogo. Babake Miles ni polisi, mtu mzuri lakini mgumu. Kuna mahali anakuja mlangoni pa chumba cha mwanawe shuleni kumweleza kwamba ndugu yake ameuawa, na kwamba anampenda. Miles yuko ndani, amefungwa kwenye kiti na mdomo umezibwa, hawezi kujibu. Baba anadhani mtoto amekataa kuzungumza naye. Nilipouliza wazee juu ya pahali hapo walinyamaza, halafu mmoja akasema, “Sisi tungeuvunja mlango.” Wakacheka. Lakini hakuna aliyesema angeweza kuyasema yale maneno.

Yule ndugu wa baba aliyeuawa ndiye Aaron, ambaye sisi tungemwita baba mdogo. Miles anampenda kuliko wote. Ana nyumba nzuri, ana muziki, hamkemei mtoto. Kumbe usiku ni mtu wa kazi wa Kingpin. Akina mama walimtambua mara moja! Karibu kila mji una mtu wa namna hiyo, anakuja Desemba na pesa, watoto wanamkimbilia, na hakuna anayejua anafanya nini Nairobi. Lakini msichana mmoja alinikumbusha kwamba mtu-buibui alipojifunua uso, naye akaona ni mtoto wa ndugu yake, alikataa kumwua, na kwa hiyo akapigwa risasi. “Hakuwa mbaya wote,” akasema. Nilimkubalia.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya Kingpin. Mke wake na mwanawe walimkuta akipigana na Spider-Man, wakaogopa, wakakimbia kwa gari, wakafa barabarani. Mtambo wote ule aliujenga ili awatoe dunia nyingine wawe wake tena. Mama mmoja mjane alisema alimwelewa. Angekuwa na mtambo kama huo naye angeuwasha. Watu wakanyamaza kwa heshima. Halafu mama mwingine, ambaye sitamtaja na hapa mnamjua, akasema, “Mume huyu anataka mke arudi kabla hajaacha kile kilichomkimbiza.” Na picha inakubaliana naye, kwa sababu mwishoni wale mke na mtoto wa dunia nyingine wanatokea, wanamkuta anampiga Miles, wanaogopa vilevile. Hapo mkutano uliacha picha ukaanza kusema mambo ya nyumbani, na mengine yaliyosemwa siyo ya kuandikwa kwenye jarida.

Sasa nyinyi viongozi wa vikundi mnataka kujua juu ya ule muungano wao. Mwenyekiti mmoja alifurahi sana, akasema hawa sita ni kikundi cha kujisaidia, kila mmoja ametoka kwao na kipaji chake. Mweka hazina wake akamjibu kwamba hakuona mahali wanatoa mchango, wala mtu akiandika kumbukumbu za mkutano. Ni kweli. Lakini kijana mmoja wa bodaboda aliona jambo ambalo mimi naona ndilo lenye uzito. Wale watano walimzunguka Miles wakimwuliza: unaweza hili? unaweza lile? Aliposhindwa wakaamua hayuko tayari, wakamfunga kwenye kiti wakaenda bila yeye. “Hivyo ndivyo tunavyoulizwa tukiomba mkopo,” akasema. “Umewahi kukopa? Hapana. Basi huwezi kukopa.” Mama mmoja akamjibu kwamba wale watano walikuwa na haki, maana kosa la mmoja lingewaua wote, na kikundi kilichowahi kupoteza pesa kwa kijana mmoja hakisahau. Niliwasikiliza wote wawili. Mimi naona mama ana haki juu ya hatari, na kijana ana haki juu ya kiti. Kumwambia mtu bado ni jambo moja. Kumfunga pale bila kumwambia atajifunzia wapi ni jambo jingine.

Narudi kwa mtoto aliyeruka, kwa sababu ndiye aliyetuleta hapa. Nilienda kumwona. Nilitarajia aniambie alitaka kuwa kama Spider-Man. Badala yake aliniambia, kwa sauti ndogo, “Nilianguka kwa sababu sikuamini vya kutosha.”

Ndugu zangu, neno hili lilinishinda kulala. Katika picha, yule mtu-buibui mzee anamwambia Miles kwamba hakuna siku utakayojua uko tayari, ni kuruka kwa imani tu. Na neno imani sisi watu wa kanisa tunalitumia kila Jumapili, kwa hiyo mtoto hakulisikia mara ya kwanza kwenye runinga. Yeye alilipokea lote pamoja. Alikuwa amelala na plasta mkononi akipanga kuamini zaidi ili ajaribu tena mkono ukipona.

Hapo nailaumu picha, ijapokuwa ni nzuri. Ukitazama vizuri utaona Miles aliruka mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda juu ya jengo refu akaogopa, akashuka akachagua fupi, akajikwaa kwa kamba ya kiatu, akaanguka, akavunja kifaa alichokabidhiwa. Mara ya pili alikuwa amepewa mitambo ya kurushia utando na mama mmoja mzee aitwaye Aunt May, na mwili wake tayari unanata. Lakini muziki unapigwa mara ya pili, na ndiyo mtoto anayoikumbuka. Nilimsimulia ile ya kwanza. Hakuwa ameiona, alikuwa ametoka nje kwenda msalani. Na siku ile, nimeuliza, hakuna mtu mzima aliyekaa na watoto mpaka mwisho. Wengi walikwenda kukamua ng'ombe.

Wanaotaka kufunga kila kitu wananiambia kwamba hata Serikali inafunga. Ni kweli, Juni 2017 Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya ilizuia vibonzo sita vya runinga ya kulipia. Lakini watoto hawa wana simu za kaka zao. Ukiuza runinga, picha itaendelea kule nyuma ya duka, na hutasikia mtoto akisema alichoelewa. Bodi hiyohiyo hutoa madaraja, na kibonzo si lazima kiwe cha kila mtoto: GE ni ya wote, PG inataka mzazi aongoze, halafu kuna 16 na 18. Na wale mliopendekeza kiingilio cha shilingi kumi, jueni kwamba kuonyesha picha kwa umma kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, na ruhusa ya mwenye picha. Msije mkaingiza kikundi kwenye kesi kwa ajili ya shilingi kumi.

Jambo la mwisho ni la wasichana. Walilalamika kwamba Gwen alikuwa hodari kuliko Miles, na bado picha ni ya Miles. Waliniuliza kama hakuna ya wasichana watupu. Ipo, tena ya Afrika: Supa Team 4, iliyobuniwa na Malenga Mulendema wa Zambia, ikatoka Netflix mwaka 2023, wasichana wanne wa sekondari wakiulinda mji wa Lusaka. Wamenitaka niwatafutie njia halali ya kuitazama, na nimewaahidi kuuliza.

Uamuzi juu ya runinga ni wa wanakikundi wenyewe, Jumamosi ijayo saa nane. Mimi nitasema isiuzwe, na kwamba kila onyesho liwe na watu wazima wawili wanaokaa mpaka mwisho na kuwauliza watoto waliona nini. Mwenye neno tofauti ampe katibu jina lake mapema. Mamake yule mvulana amesema atakuja, na bado hajaniambia yuko upande gani. Sasa nasikiliza maswali, halafu tuingie kwenye viazi.