Kijiji cha Hallsands

Hallsands kilikuwa kijiji cha wavuvi katika pwani ya Devon, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1891 palikuwa na nyumba 37 na watu 159. Nyuma yao palisimama jabali. Mbele yao palikuwa na ufuo wa changarawe, nao ndio uliokuwa boma lao.

Mwaka 1897 ilitakiwa changarawe ya kujengea gudi za manowari huko Devonport. Ikatolewa ruhusa ichotwe baharini karibu na kijiji, kwa kudhani kwamba mawimbi yataleta nyingine. Wavuvi wakakataa neno hilo, na twaona waliijua bahari kuliko mainjinia. Changarawe ile ilikuwa akiba ya maelfu ya miaka, wala haikurudi. Ruhusa iliondolewa mwaka 1902, lakini zilikuwa zimekwisha chukuliwa tani 650,000 hivi, na ufuo umeshuka.

Tarehe 26 Januari 1917 ikavuma tufani kutoka mashariki, maji yamejaa sana. Nyumba zikabomoka moja baada ya moja. Hakufa mtu; lakini ilibaki nyumba moja tu ya kukalika. Humo alikaa Bibi Elizabeth Prettejohn mpaka alipofariki mwaka 1964.