Jina Lifutwe, Ushahidi Ubaki: Majengo ya Enzi ya Ubaguzi katika Vyuo Vyetu

1. Utangulizi



Mjadala wa kuondoa alama za ubaguzi wa rangi vyuoni umetufikia zaidi kupitia habari za nchi nyingine. Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Cape Town kiliiondoa sanamu ya Cecil Rhodes baada ya mwezi mmoja wa maandamano ya wanafunzi. Desemba 2018 sanamu ya Mahatma Gandhi iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana, miaka miwili na nusu tu baada ya kuzinduliwa, kwa sababu ya mambo aliyoyaandika kuhusu Waafrika alipokuwa akiishi Afrika Kusini.

Habari kama hizo zikitajwa hapa Dodoma, jibu la kawaida ni kwamba sisi hatuna cha kubomoa. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na hakuna gavana aliyewahi kusimamishiwa sanamu pale Chimwaga, kilipo chuo hicho. Mada hii inalipinga jibu hilo. Tunayo majengo yaliyojengwa kwa ajili ya kutenganisha watu kwa rangi zao, na mengine yanafundishiwa mpaka leo. Tofauti yetu na Cape Town ni kwamba sisi tulibadilisha majina mapema, kisha tukanyamaza. Hoja yangu ni kwamba heshima na ushahidi ni mambo mawili. Heshima aliyopewa mbaguzi tunaweza kuifuta, na mara nyingi tunapaswa kuifuta. Ushahidi wa alichokifanya hatuna ruhusa ya kuufuta.

2. Kutoka Kongwa hadi Iringa

Wengi wetu tunaifahamu Kongwa kwa ranchi ya taifa na kwa soko la mahindi la Kibaigwa. Mwaka 1947 Kongwa ilijulikana dunia nzima kwa karanga. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, iliamua kulima karanga Tanganyika katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa ekari zaidi ya milioni tatu. Waliopanga hawakuzingatia yale ambayo kila Mgogo aliyajua kuhusu mvua za Ugogo na udongo wake, ambao jua likiwaka hukakamaa kiasi cha kuvunja majembe ya trekta. Mradi ulisitishwa mwaka 1951, na walipa kodi wa Uingereza wakapoteza takriban pauni milioni 36.

Hasara hiyo imeandikwa sana. Kisichotajwa sana ni shule. Wataalamu na mafundi wa Kizungu walikuja na familia zao, na Kongwa ikapata shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Mradi ulipokufa, shule iliendelea, ikatumia majengo yaliyoachwa na kuwapokea watoto wa walowezi na maofisa kutoka pande mbalimbali za nchi. Hilo halikuwa jambo la ajabu kwa wakati huo. Elimu ya Tanganyika iligawanywa kisheria katika mafungu matatu, Wazungu, Waasia na Waafrika, kila fungu na bajeti yake na shule zake. Mgawanyo huo ulifutwa rasmi Januari 1962, mfumo mmoja wa elimu ulipoanza.

Shule ya Kongwa ilifungwa mwaka 1958. Mrithi wake alijengwa Iringa, akafunguliwa mwaka 1959 kwa jina la St Michael's and St George's School. Ni majina ya watakatifu wawili, na ndiyo majina ya nishani ambayo Uingereza iliwatunuku magavana na maofisa wake wa makoloni. Ilikuwa shule ya kifahari ya watoto wa Kizungu, ikifunguliwa wakati TANU imekwisha kushinda uchaguzi na uhuru unabisha hodi.

Hapa kuna jambo la kutafakari. Mwaka 1954, Gavana Edward Twining alilirudisha fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kutoka Ujerumani na kulikabidhi pale Kalenga, mbele ya umati wa Wahehe. Miaka mitano baadaye, mwendo mfupi kutoka Kalenga, serikali hiyo hiyo ya kikoloni ikafungua shule ambayo mjukuu wa Mkwawa asingeweza kuketi darasani kwa sababu ya rangi yake. Baada ya uhuru shule ikawa ya wote, ikapewa jina la Mkwawa, na tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa.

Kulipa jina la Mkwawa jengo lililomkataa mjukuu wake ni hukumu ya haki. Hata hivyo, mwanafunzi anayelala kwenye bweni lile leo, asipoelezwa bweni lilijengewa nani, ataamini lilikuwa la Mkwawa tangu mwanzo. Jina jema limefunika historia mbaya, na somo lenyewe limepotea.

Kongwa nako kuna upande wa pili. Kuanzia mwaka 1964 mji ule ule uliowahi kuwa na shule ya Wazungu peke yao ulipokea wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO, na baadaye wa vyama vingine. Samora Machel wa FRELIMO alipita pale. Baadhi ya wapiganaji hawakurudi kwao, na makaburi yao yapo Kongwa. Ni sehemu chache Afrika ambako ubaguzi na mapambano dhidi yake vimeacha alama katika mji mmoja mdogo kiasi hicho.

3. Sanamu ya Wissmann na kampasi ya Hamburg

Kisa cha pili kinaanzia Mpwapwa. Mwaka 1889 wapiganaji wa Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani waliopinga utawala wa Wajerumani, walikishambulia kituo cha kampuni ya Kijerumani kilichokuwa pale. Hermann von Wissmann, aliyetumwa na Berlin kuwakandamiza watu wa pwani, alifika Mpwapwa mwaka huo huo na kujenga ngome ya kulinda njia ya misafara ya bara. Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani.

Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamishia Wissmann sanamu Dar es Salaam. Yeye alisimama juu ya nguzo, na chini yake askari wa Kiafrika akimtazama kwa kicho. Waingereza walipoitwaa nchi waliing'oa na kuipeleka kwao kama nyara ya vita. Baadaye ikarudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Hivyo kumbukumbu ya mtu aliyejenga ngome Mpwapwa ikawa mapambo ya kampasi ya Ulaya kwa zaidi ya miaka arobaini.

Wanafunzi wa Hamburg waliiangusha mwaka 1967. Ikasimamishwa tena. Mwaka 1968 wakaiangusha mara ya pili, na haikurudi mahali pake. Haikuyeyushwa wala kutupwa. Iliwekwa ghalani, na miaka ya 2004 na 2005 ilionyeshwa kwenye bandari ya Hamburg ili umma uijadili. Miaka karibu hamsini kabla ya Cape Town, Hamburg ilikuwa imeshaanza njia ambayo sisi tunadhani ni mpya: kiti cha heshima kiondolewe, sanamu yenyewe ibaki kama kielelezo.

4. Mazengo: majina yaliyobadilishwa bila mjadala

Kisa cha tatu ni cha hapa mjini. Shule ya sekondari ya kimisheni iliyoitwa Alliance ilikuja kuitwa Mazengo, kwa heshima ya Mtemi Mazengo wa Mvumi. Tangu mwaka 2007 eneo lake ni kampasi ya Chuo Kikuu cha St John's. Shule hii haikujengewa Wazungu, kwa hiyo haiko katika fungu la Kongwa na Iringa. Naitaja kwa sababu inaonyesha jinsi tunavyobadilisha majina: Alliance likaondoka, Mazengo likaja, kisha nalo likalipisha la St John's. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana njia gani ya kujua kwamba anasoma katika shule iliyotoa viongozi wengi wa nchi hii?

Isitoshe, majina ya mashujaa nayo yana maswali yake. Mazengo alikuwa mtemi chini ya utawala wa Waingereza, waliotawala kwa kuwatumia machifu. Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, na kwa hilo ni shujaa wa taifa. Lakini wazee wa Ugogo wana simulizi za uvamizi wa Wahehe waliokuja kuteka ng'ombe na watu. Sisemi majina hayo yaondolewe. Nasema kwamba anayedhani kubadilisha jina kunamaliza mjadala hajawasikiliza majirani zake.

5. Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni kwamba tuna shida kubwa zaidi: mikopo, mabweni, maji. Ni kweli. Lakini kibao cha maelezo hakishindani na bomba la maji, na chuo kinachofundisha walimu hakiwezi kusema historia ya darasa lake haikihusu.

La pili ni kwamba kubakiza alama ni kuendelea kuienzi. Hili lina uzito pale alama inapokuwa sanamu iliyoinuliwa ili itazamwe kwa unyenyekevu, na ndiyo sababu wanafunzi wa Hamburg walikuwa na haki. Bweni na darasa ni tofauti, maana vinatumika. Kuvibomoa ni kujinyang'anya mali iliyojengwa kwa jasho la watu wetu.

La tatu ni kwamba sheria inatosha. Haitoshi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Karibu kila kitu nilichokitaja leo ni cha baada ya hapo, na hulindwa tu Waziri akikitangaza. Kisipotangazwa, mkandarasi mmoja mwenye tingatinga anaweza kukimaliza kwa siku moja.

6. Mapendekezo

(a) Kila chuo cha Kanda ya Kati na Iringa kiandae daftari la majengo yake ya zamani: kila jengo lilijengwa lini, na nani, kwa fedha za nani, lilimpokea nani na lilimkataa nani.

(b) Kila jengo la enzi ya ubaguzi liwekewe kibao cha Kiswahili chenye maelezo hayo, pamoja na majina yote ya awali.

(c) Jina lisibadilishwe bila kikao cha wazi kitakachowashirikisha wanafunzi, waliosoma zamani na wanavijiji jirani, kabla Baraza la Chuo halijaamua.

(d) Vyuo vya Dodoma kwa pamoja viandike kwa Waziri mwenye dhamana kuomba mabaki ya Kongwa, ya karanga, ya shule na ya kambi, yalindwe kisheria kama eneo moja.

(e) Idara za historia ziwarekodi wazee wa Kongwa waliofanya kazi jikoni, bustanini na gereji wakati wa mradi wa karanga. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1947 anakaribia miaka mia.

7. Hitimisho

Mtu aliyeheshimiwa kwa ubaguzi wake ashushwe, na jina lake liondolewe langoni. Jengo lake libaki, na liseme ukweli wote. Naomba semina hii isifungwe kabla haijateua kamati ndogo ya kuanza pendekezo la mwisho, kwa sababu vibao na sheria vinaweza kusubiri mwaka wa fedha ujao, lakini wazee wa Kongwa hawawezi.