KINANDA CHA ADLINGTON NA KINANDA CHETU

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya muziki mliousikia hivi punde katika sahani ya santuri, kabla mkutano haujaingia katika shauri la nne, yaani kuuza kinanda kibovu cha Chama. Twaomba radhi tangu mwanzo. Sisi ni makarani, si mafundi wa muziki, na elimu yetu ya vinanda ni ile tuliyoipata shuleni kwa misheni, tulipokuwa tukikanyaga kinanda cha miguu kwa zamu wakati wa nyimbo.

Muziki ule hutoka katika nyumba iitwayo Adlington Hall, iliyo mashambani katika jimbo la Cheshire, kaskazini ya Uingereza. Si kanisa, bali ni makao ya ukoo wa Legh, waliopata mahali pale mwaka 1315. Ukumbi wake mkubwa ulijengwa kati ya mwaka 1480 na 1505, na upande mmoja husimama magogo mawili ya mialoni, ambayo mizizi yake haikung'olewa ardhini. Juu, katikati ya magogo hayo, ndipo kinanda kilipowekwa.

Kinanda hicho si kama chetu. Chetu hulia kwa ndimi za shaba. Kile hulia kwa filimbi. Mivukuto hujaza upepo katika sanduku. Mpigaji akibonyeza kibao, fito nyembamba za mti huvuta na kufungua kifuniko kidogo, na upepo hupanda ndani ya filimbi. Vishikio vilivyo kando huchagua ni safu ipi ya filimbi italia. Safu za vibao vya mikono ni mbili. Zamani palikuwa na mtu wa kuvuta mivukuto, naye wasikilizaji hawakumtazama. Lakini akichoka yeye, mpigaji hodari hana sauti hata moja. Twadhani makarani watamfahamu mtu huyo bila maelezo zaidi.

Sasa tuseme habari zake. Mwaka 1644 Bunge la Uingereza liliamuru vinanda viondolewe makanisani, na vingi vilivunjwa. Mfalme aliporudishwa mwaka 1660, watu walivitaka tena, na mafundi wakapata kazi tele. Mmoja wao alikuwa Bernard Smith, aliyeitwa Baba Smith kwa heshima, naye alifariki mwaka 1708. Kinanda cha Adlington ni cha karne ile ya 17, na wajuzi wengi hukihesabu kuwa kazi ya Smith. Twaomba mlitie alama neno hilo "hukihesabu". Fundi wake hutambuliwa kwa namna ya kazi yake, kama sisi tunavyoutambua mwandiko wa mwenzetu katika barua isiyotiwa sahihi.

Katika karne iliyofuata, mtungaji mashuhuri Handel alizuru nyumba ile, na husimuliwa kwamba alikipiga kinanda hicho. Mwenye nyumba, Charles Legh, aliandika maneno ya wimbo wa wawindaji, naye Handel akautilia muziki mwaka 1751.

Baada ya hayo kinanda kikaharibika, kikanyamaza miaka mingi sana, na watu wakauzoea ukimya wake. Hata ulipofika mwaka 1959, yaani miaka 200 kamili tangu Handel afariki, fundi Noel Mander wa London akamaliza kukitengeneza. Twapenda mwangalie jinsi alivyofanya. Hakukifanya kiwe kipya. Vinanda vingi vya kale vya Uingereza vilikuwa vimekwisha kupanuliwa na kubadilishwa kufuata mtindo wa wakati, hata sauti ya kwanza isijulikane tena. Mander aliuliza kwanza kitu hiki kilikuwa nini, akazitunza filimbi za kale, akakirudishia pumzi yake. Ndiyo sababu mpigaji akikaa pale, wasikilizaji husikia sauti ya karne ya 17, nyororo na safi, yenye kuutosha ukumbi na isiyotaka kuuzidi.

Pana kinanda kingine cha kulinganisha. Tarehe 30 Septemba 1749 Handel alimwandikia rafiki yake Charles Jennens barua, akimtajia moja moja safu za filimbi zinazofaa kinanda cha nyumba yake ya Gopsall. Nyumba hiyo ilibomolewa katika miaka ya 1950, lakini kinanda kimo katika kanisa la Great Packington, na barua yake yajulikana. Karatasi moja yatosha kuondoa ubishi wa karne mbili na zaidi. Sisi wa masijala tusisahau jambo hilo.

Ndugu wanachama, sasa twafikia shauri la nne. Karatasi ya Kamati yasema kwamba kinanda cha Chama "hakifai kitu". Maneno hayo tuliyaandika sisi, na twakiri kwamba tuliyaandika bila kukifungua. Jumamosi iliyopita tulikifungua pamoja na mwanachama mmoja ajuaye useremala. Tulikuta kiota cha panya, na ngozi ya mvukuto imepasuka mahali pawili. Ndimi za shaba zote zipo, ila mbili. Tulipotafuta katika majalada yetu ni nani waliokinunua, hatukuona hata ukurasa mmoja. Mzee mmoja tu ndiye aliyetuambia kwamba wazee wa kwanza wa Chama walikichangia kutoka katika mishahara yao. Akiondoka yeye, habari hiyo itaondoka naye.

Twajua fedha za mauzo zimekusudiwa mjane wa mwenzetu, na hatusemi hata kidogo kwamba mjane angoje muziki. Kama hapana njia nyingine, kinanda na kiuzwe, nasi tutakibeba wenyewe mpaka mlangoni. Lakini njia ipo. Mnunuzi anakitaka kwa ajili ya mbao zake tu, na bei aliyoitoa haizidi mchango mdogo wa kila mmoja aliyeketi hapa. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo twatoa hoja tatu. Kwanza, fedha za mjane zichangwe usiku huu huu, kabla mtu hajatoka. Pili, mauzo yangoje miezi mitatu, seremala wetu apewe ngozi ajaribu kazi. Tatu, Katibu aandike maneno ya yule mzee katika daftari ya Chama, mzee atie sahihi yake, na nakala iwekwe ndani ya kinanda chenyewe.

Na ile karatasi yetu isemayo "hakifai kitu", twaomba ruhusa ya mkutano kuiondoa.