Mnanaa Katika Ua wa Mchimbaji

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa hekalu na majirani



Nimeombwa nizungumzie mnanaa, namna ya kuuotesha na namna ya kuutumia nyumbani. Kwa kuwa nimekwisha kuona mabakuli ya chatne ya kijani kwenye meza ya vitafunwa, sina haja ya kuwasifia ladha yake. Nitazungumza kama mkazi wa Rwamgasa, kijiji cha wachimbaji wadogo katika mkoa wa Geita, mahali ambapo swali la kwanza kuhusu mboga yoyote ya majani si namna ya kuipanda, bali ni wapi ipandwe.

Tuanze na jina. Watu wa pwani wauita mnanaa, na neno hilo limetoka katika Kiarabu. Katika nyumba za Wagujarati huitwa fudino, na wasemao Kihindi huuita pudina. Vijana wa mjini wao husema minti, hasa wanapotaja peremende. Mmea wenyewe hautambulikani kwa harufu pekee. Shikeni shina lake kati ya vidole viwili, mtaona kuwa si la duara bali lina pembe nne. Pembe hizo ni alama ya ukoo. Mrehani unazo, kivumbasi kinazo, na tulsi, ambayo kila mama wa Kihindu hapa anaijua kuliko mimi, inazo pia. Mimea hii minne ni jamaa wa ukoo mmoja.

Nimeitaja tulsi kwa sababu maalumu. Kwa desturi tulsi huinuliwa. Hujengewa jukwaa dogo la matofali au huwekwa katika chungu, juu ya mahali pa kukanyagwa. Sababu za heshima hiyo mnazijua na si zangu kuzieleza. Lakini mtu wa machimbo akiutazama mpangilio ule huona kitu kingine: mmea uliotengwa na udongo wa uani, katika chombo ambacho mwenye nyumba anajua kilijazwa nini. Hivyo ndivyo ninavyoomba mnanaa upandwe Rwamgasa, Nyarugusu, Katoro, na popote penye karasha.

Wengi wenu mnafanya biashara na wachimbaji, lakini huenda hamjawahi kusimama mwaloni, kwa hiyo nieleze kwa ufupi. Mawe hutolewa kwenye maduara, husagwa kwenye karasha, kisha unga wake huoshwa kwa maji. Ili chembe za dhahabu zishikamane, huongezwa zebaki. Kinachopatikana hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa kwa moto. Zebaki huruka kama mvuke, dhahabu hubaki. Mchanga uliokwisha kuoshwa, tunaouita marudio, hulundikwa. Na malundo hayo yako kando ya nyumba, kando ya njia, wakati mwingine ukutani mwa jiko. Wako wanaochomea dhahabu uani kwao, na wako wanaochomea kwenye jiko lile lile la ugali.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2003, chini ya mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na UNIDO, watafiti walikuja kijijini kwetu wakapima mkojo, damu na nywele za watu, na wengine wakapima udongo, maji na samaki. Dalili za sumu zilionekana zaidi kwa wale wanaochoma dhahabu. Leo nchi yetu ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na kupewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliugua kwa kula samaki wenye zebaki, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956.

Sasa, mnanaa unaingiaje hapa? Unaingia kwa sababu ni jani, na huliwa bichi. Zebaki humfikia mlaji wa jani kwa njia tatu. Ya kwanza ni vumbi la marudio linalotua juu ya jani; hili kuosha kwa maji safi husaidia sana. Ya pili ni udongo; mizizi huchukua kiasi kidogo, lakini mnanaa hutambaa chini chini na kufika pale ambapo hukuupanda. Njia ya tatu ndiyo ambayo watu hawaidhanii. Jani hupumua kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na mvuke wa zebaki ulio hewani huingia humo ukabaki ndani. Huwezi kuuosha. Unaweza kuwa na udongo mwema, maji ya mvua na ndoo mpya, lakini ikiwa jirani anachoma dhahabu nyuma ya ukuta, jani lako linavuta anachokitoa. Kwa hiyo nasema wazi, na nimekuwa nikisema hivyo kwa majirani zangu: penye kuchomwa dhahabu, usipande mnanaa wa kula. Hata usianike hapo nguo za mtoto. Mama mjamzito na watoto wasiwepo moto huo unapowashwa, kwa maana zebaki hudhuru ubongo wa mtoto angali tumboni. Anayelazimika kuchoma na achome mbali na makazi, tena kwa ritoti, yaani chombo cha chuma kilichofungwa ambacho hunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Ritoti humwokolea mchimbaji fedha pia, kwa sababu zebaki inayorudi hainunuliwi mara ya pili. Hoja hii, nimeona, husikika haraka kuliko ile ya afya.

Kwa ua ulio salama, kazi ni nyepesi. Mnanaa haupandwi kwa mbegu. Aina nyingine, kama ile yenye harufu kali ya peremende, hazizai mbegu za kuota hata kidogo. Huenezwa kwa kipande. Kata tawi lenye urefu wa kiganja, chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, litumbukize katika glasi ya maji mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua kali. Baada ya wiki moja au mbili litakuwa na mizizi. Hii ndiyo maana karibu kila kichaka cha mnanaa mnachokiona kimetoka kwa mtu aliyempa mwenzake.

Chombo kiwe ndoo ya lita 20 iliyokuwa na mafuta ya kupikia, au dumu la ukubwa huo lililokatwa ubavu. Toboa matundu chini. Pipa la kemikali za machimbo lisitumike kamwe, hata likioshwa mara kumi, wala kopo la rangi. Udongo uchukuliwe shambani, upande usio na karasha wala marudio: sehemu mbili za udongo kwa sehemu moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Samadi kwetu Usukumani si ya kutafutwa mbali. Ndoo iinuliwe juu ya matofali mawili matatu ili kuku wasiparue na vumbi lisirukie. Yule jamaa yake tulsi ameshatufundisha.

Mnanaa hupenda unyevu na kivuli cha nusu siku. Mvua zetu huanza kwenye Oktoba na kwenda hadi Mei, na katika miezi hiyo hautakusumbua. Kinga maji ya bati uweke akiba. Kuanzia Juni hadi Septemba unyweshe kila siku, na maji ya kuoshea mchele au mboga yanafaa kabisa. Maji ya mwaloni hayafai. Vuna kwa kukata ncha juu ya kifundo, mmea utachipua mara mbili. Ukiona maua yanakuja, yakate, kwa sababu mmea ukichanua majani hupungua harufu. Madoa ya rangi ya kutu chini ya majani ni maradhi: kata matawi yote hadi chini, yatupe mbali, uache mizizi ichipue upya. Baada ya mwaka mmoja au miwili ndoo itajaa mizizi. Ikung'ute, igawe, ubaki na sehemu changa.

Kuhusu jiko, mbele ya akina mama wa hekalu hili mimi ni mwanafunzi. Ninachotaka kuongeza ni kwa upande wa majirani, ambao wengi wanaiona chatne kama chakula cha Wahindi. Saga konzi mbili za mnanaa kwa konzi moja ya kotmiri, pilipili mbichi, chumvi na ndimu, kisha weka kando ya sato wa kukaanga kutoka ziwani, au muhogo uliochomwa. Chukua mtindi, ambao Msukuma hahitaji kufundishwa, ukatie mnanaa na tango: hiyo ni raita, na ugali unaipokea vizuri tu. Majani ya akiba yafungwe mafungu madogo na kutundikwa kivulini ndani ya nyumba, yasianikwe chini wala juani, maana jua huondoa harufu ambayo ndiyo mali yenyewe.

Yapo mambo mawili matatu ya afya ambayo watu huyazidisha. Ule ubaridi wa mnanaa wa peremende hauipoozi homa. Mwaka 2021 David Julius na Ardem Patapoutian walipata Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi iliyoeleza, pamoja na mengine, kwamba mentoli huamsha kipokezi kile kile cha neva ambacho huhisi baridi. Mwili unadhani umepoa, lakini kipimajoto hakikubaliani nao. Geita ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, chai ya mnanaa aje kuinywa akipona. Majani yaliyosuguliwa ngozini humfukuza mbu kwa muda mfupi mno, na chandarua kibaki mahali pake. Mafuta makali ya mentoli yasipakwe karibu na pua ya mtoto mchanga, kwa kuwa yanaweza kumbana pumzi. Mwenye kiungulia huenda kikazidi. Na mama mwenye upungufu wa damu anywe chai hii katikati ya milo, si pamoja na chakula, kwa sababu huzuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Baada ya kusema hayo, tumbo lililojaa gesi baada ya karamu kama ya leo hupata nafuu kwa kikombe kimoja cha mnanaa wa moto, na hilo sihitaji kulitetea hapa.

Pale mlangoni, karibu na viatu, nimeweka ndoo mbili zenye vipandikizi vilivyokwisha kutoa mizizi. Vimetoka katika ua ambao dhahabu haichomwi. Kila nyumba ichukue vitatu, na majirani wachukue kwanza, kwani wanachama wa hekalu wengi wanavyo tayari. Anayeishi karibu na karasha anione kabla ya kuchukua, tuulizane kwanza moto wa dhahabu unawashwa wapi na upepo wa jioni huvuma kutoka upande gani.